Mwezi Ukijaa, Bendi Husafiri

Jumatatu: Sena, kisiwa cha Mfangano

Omena, dagaa wa Ziwa Victoria, huvuliwa gizani. Taa huwashwa juu ya maji, omena wakajikusanya chini yake, wavu ukainuliwa. Mwezi ukijaa, ziwa lote hung'aa na taa ya mvuvi hukosa kazi, basi mashua hukaa ufuoni na vijana hulala mchana kutwa au humalizia pesa vibandani. Mpiga besi wetu na mpiga dramu ni watu wa omena. Ndiyo sababu shoo zetu hufuata mwezi, na ndiyo sababu mapromota wa mjini, ambao hesabu yao ni wikendi tu, hutuona watu wagumu.

Safari hii tuna kazi mbili: hoteli moja ya ufuoni Kisumu siku ya Jumatano, na ukumbi wa rege Nakuru siku ya Jumamosi. Mtu wa hoteli ametuma ujumbe: tuje na mashati ya maua, na tukiwa na ukulele itapendeza zaidi. Bango lake linasema Bendi ya Kisiwani kwa kuwa jina letu wenyewe bado tunaligombania. Mwimbaji wetu aliusoma ujumbe kwa sauti, akatazama majabali, akatazama mama anayegeuza omena juu ya nyavu kuukuu, akauliza, "Maua gani sasa?"

Simlaumu mtu wa hoteli. Ukisema kisiwa, watu huona minazi, na Mfangano mnazi ni wa kutafuta. Sisi tuna michoro ya kale kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga, na tuna Wasuba ambao wengi wao siku hizi wanaongea Kijaluo hata nyumbani. Lakini ukweli ni kwamba bendi ilianza kwa nyimbo za kopi. Tulikopi Jamaika, tukakopi Hawaii, ile rege laini ambayo Wahawaii waliikumbatia miaka ya 1980 wakaitilia ukulele na sauti tamu za kuitikiana. Na ukulele nao una historia yake: kigitaa kilichouzaa kilifika Honolulu mwaka 1879 mikononi mwa vibarua Wareno kutoka Madeira, kisiwa cha bahari nyingine kabisa. Kwa hiyo muziki wa visiwa umekuwa ukipanda meli tangu zamani na kuazimana si aibu. Kilichotukera sisi ni kwamba tukipiga, msikilizaji alitaja papo hapo tumeazima kwa nani.

Jumanne: Mbita, Luanda Kotieno, Kisumu

Boti la injini hadi Mbita alfajiri. Amplifaya ya besi imefungwa kwa turubai na mpiga besi ameikalia njia nzima, hataki mtu mwingine aiguse. Pale Mbita kuna daraja la kwenda Rusinga. Zamani palikuwa na tuta lililoziba mkondo wa maji tangu miaka ya 1980. Mpiga kibodi ni wa Rusinga na hajawahi kupita hapo bila kutukumbusha kwamba Tom Mboya alizikwa kwao. Tulimwitikia kama kanisani, tukaendelea kubeba mizigo.

Feri ilichelewa kidogo kwa sababu ya gugu maji. Tukiwa majini, abiria mmoja aliwasha kispika chake akaweka benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, ya zamani ya D.O. Misiani, yule mzaliwa wa Shirati aliyefariki kwa ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei 2006. Mpiga dramu wetu hawezi kusikia muziki akatulia, basi akaanza kugonga rege kwa vidole kwenye ukingo wa chuma. Haikukaa. Akapunguza mwendo, haikukaa. Akaongeza, ikawa vurugu, na mama mmoja mwenye kuku akamwomba aache.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza, na ulitufikisha ng'ambo bila kujua tumefika. Benga haipendi nafasi tupu. Gitaa la solo likimaliza sentensi, besi inadakia. Mwimbaji akinyamaza, ala zinakaza mwendo na magitaa yanakimbizana hadi kilele. Rege ni kinyume. Pigo la kwanza huachwa wazi, ngoma kubwa na snea hutua pamoja kwenye la tatu, gitaa hukwaruza kidogo na kujizuia, besi husema neno moja na kungoja. Muda wote huo sisi tulikuwa tukimimina gitaa la benga juu ya dramu ya rege, kama mtu anayemimina chai kwenye uji. Kila kimoja ni kitamu kikiwa na kikombe chake.

"Omera," mpiga besi akaniambia, "shida si kasi. Shida ni nani anyamaze."

Hakuna aliyejitolea.

Kutoka Luanda Kotieno tulikodi Probox mbili, moja ya watu na moja ya vyombo, ingawa ya vyombo nayo iliongezewa abiria watatu njiani. Ndori, Kisian, Kisumu. Tumelala Nyalenda kwa shangazi yake mpiga kibodi, ambaye alitukaangia ngege na hakutaka kusikia habari za muziki mpaka tule.

Jumatano: Kisumu

Hoteli. Mashati ya maua tulivaa, ya kukodi. Tulipiga kopi saa mbili mfululizo, wageni wakala, mmoja akacheza. Malipo tulipewa nusu, nusu nyingine "mhasibu ameondoka". Mjini humu muziki ulishauzwa hadi mbali: miaka ya 1970 Oluoch Kanindo alitoa sahani za benga zilizopendwa kule Zimbabwe kiasi kwamba watu wa huko waliuita muziki huo kwa jina lake, Kanindo. Sisi tulishindwa kuufikisha kwa mhasibu.

Alhamisi: Dunga

Leo nitaandika mengi.

Mwimbaji ndiye aliyesisitiza twende Dunga, ufuoni pa Kisumu. Alikuwa amesikia kwamba kuna mzee wa nyatiti, kinubi cha Wajaluo, ambaye hukaa chini ya mti karibu na wakaanga samaki, hasa wageni wanapokuja kutazama ndege kwenye mafunjo. Tulimkuta anabadilisha uzi. Nyatiti ina nyuzi nane. Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, siku hizi ni nailoni ya kuvulia. Mpiga besi alizigusa akacheka: ni ule uzi mmoja mmoja ambao nyavu zake zimepigwa marufuku ziwani. "Kwenye nyatiti hakuna wa kukukamata," mzee akasema.

Alikaa kwenye kigoda kifupi, ala imelala ubavu mbele yake, karibu ichimbe ardhi. Njuga za chuma, gara, zimefungwa mguuni. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia kuna pete nene ya chuma, na pete hiyo hugonga ukingo wa ala. Kwa hiyo mtu mmoja ana nyuzi mkononi, pigo mguuni, njuga juu yake, na bado anaimba. Sisi watano tulisimama na vyombo vya kukodi tukijiona wengi mno.

Mpiga kibodi alileta kibodi chake kidogo cha betri. Mara moja tukakwama: mzee hufunga nyuzi zake kufuata sauti yake ya siku hiyo, hazifuati piano. Alikuwa katikati ya noti mbili zetu. Kijana wa kawaida angemwomba mzee apandishe kidogo. Mpiga kibodi wetu, kwa heshima zake za Rusinga, alishusha kibodi chake kwa kitufe hadi kikakaa, nami nikalegeza nyuzi za gitaa kwa sikio. Ilichukua muda, na mzee alikunywa soda yake taratibu akitutazama tunavyohangaika.

Kisha akaanza, na mpiga dramu akamfuata kwa fimbo mbili na ndoo ya plastiki. Rege, polepole, pigo la tatu tu. Mimi nikaingia na mkwaruzo wangu. Baada ya muda mfupi mzee akasimamisha mikono, mguu ukaendelea.

"Wuoda," akaniambia, "huo mkono wako unasema kitu ambacho mguu wangu umeshasema."

Nikanyamaza nisikilize. Pete ilikuwa inagonga palepale ambapo gitaa la rege hukwaruza. Sikio langu lilikuwa limeizoea sauti hiyo tangu utotoni kwenye mazishi na arusi, na pengine ndiyo sababu sikuwahi kuihesabu. Basi nikaondoa mkwaruzo. Ghafla kukawa na hewa. Besi ikasikika hadi kwa wakaanga samaki. Mzee akauliza swali kwa nyuzi za juu, mpiga besi akamjibu kwa sauti mbili tu na kungoja, na mimi nikapata mahali pa kuweka vidole vya benga, mwishoni mwa mstari, vifupi, kisha nje. Hapo nilijua nani anyamaze.

Lakini bado kulikuwa na tatizo la pili, na lilitatuliwa na mama aliyekuwa anakaanga mbuta. Alikuja na aproni yake, akaweka noti ya shilingi hamsini juu ya ala, akainua mkono. Mzee akakata muziki katikati ya mstari. Kimya. Mama akajisifu: yeye ndiye nyar Seme, binti wa Seme, mafuta yake hayapoi, aliyemwacha anakula samaki wa kugandishwa. Watu wakapiga vigelegele, pete ikagonga, muziki ukarudi na nguvu mpya. Hiyo ndiyo pakruok, kila Mjaluo anaijua: unalipa, muziki unasimama, unajipaka sifa au unampaka rafiki yako, muziki unarudi.

Mpiga dramu alikuwa ameacha fimbo hewani. "Hiki ni kitu cha Kingston," akasema.

Na ni kweli. Kwenye zile disko za mtaani Jamaika, zilizoanza kabla rege yenyewe haijazaliwa, watu wakipandwa na wimbo hupiga kelele mpaka anayecheza sahani ausimamishe na kuurudisha mwanzo. Wimbo ni wa watu, wana haki ya kuukatiza. Sisi tulikopi Jamaika kila kitu, mashairi, lafudhi, hata kofia, tukaacha hicho, ilhali kilikuwa nyumbani kwetu kwa jina lingine. Ile nafasi tupu ya rege, ambayo miaka yote tulihangaika kuijaza kwa gitaa, ilikuwa mahali pa mtu kuongea.

Tulirudia hadi jua likakaribia kuzama. Rege chini, mbio za benga pale tu kabla ya kusimama, pakruok, pete, rege tena. Mwimbaji akaomba kujaribu mguu. Zamani nyatiti ilikuwa ya wanaume tu, na nilitazamia mzee akatae, lakini alimpa kigoda. "Nyara, Mjapani alikuja hadi Siaya akajifunza, wakamwita Anyango, sasa mimi nikukatalie wewe wa ziwani?" Kuja Nakuru alikataa katakata. Nakuru kuna baridi, na yeye hamsifu mtu asiyejua ukoo wake. Gara alitupa, lakini alizikodisha; bei tulipatana mpaka mishikaki ikapoa.

Ijumaa: Kondele, Ahero, Kericho, Nakuru

Asubuhi kwa fundi wa jua kali Kondele. Tulimweleza tunataka pete ya kidole gumba cha mguu, akatutazama, akachukua nati kubwa ya lori akaanza kupiga tupa. Kibao cha kugongea alikikata kwenye mbao ya mvule. Amplifaya ya besi, iliyokuwa ikinguruma tangu hotelini, ilifunguliwa kwa jirani yake anayetengeneza redio. Aliichokonoa, akaipuliza vumbi, ngurumo ikapungua bila kuisha. Napenda mafundi hawa. King Tubby wa Kingston alikuwa mmoja wao, mtu wa kutengeneza redio na amplifaya, na alipoanza kuzima sauti za waimbaji kwenye nyimbo za wenzake akabakiza besi na dramu, ndipo dabu ilipokomaa. Kuondoa nako ni ufundi.

Njiani sina mengi. Mashamba ya mpunga Ahero, miwa, kisha mlima unaanza na masikio yanaziba. Kericho ilitupokea kwa mvua ya mawe, majani ya chai pande zote, na dereva aliyeamini kwamba rege ni muziki wa kupigiwa honi. Kisumu iko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, Nakuru inakaribia 1,850, na katikati barabara hupanda juu zaidi ya hapo. Nyuzi za chuma hujikaza kwenye baridi. Nilipofungua gitaa Mau Summit lilikuwa limepanda lote. Ngoma yetu ya ohangla, ngoma ya Kijaluo, ilifanya kinyume: unyevu uliilegeza ngozi hadi ikawa inatoa sauti ya mlango. Salgaa, palipojulikana kwa ajali za barabarani, tulipita kimya, kama kila mtu anavyopita Salgaa.

Jumamosi: Nakuru

Promota alitaka mwimbaji asimame. "Rege ya kukaa kwenye kigoda nani ataiona?" Mwimbaji akamwonyesha pete kidoleni, akamwambia asiposikia hapo ndipo atasimama. Kigoda kiliwekwa juu ya kreti mbili za soda. Ngozi ya ohangla tuliikausha kwenye jiko la mwenye mutura, soseji za matumbo, nje ya ukumbi, tukaigeuzageuza hadi ikalia sawa. Harufu ilibaki nayo usiku kucha.

Nakuru, jiji tangu Desemba 2021, ni mji wa rege kuliko Kisumu. Hilo nitalisema hata mbele ya ndugu zangu. Watu walikuja kwa ajili ya dijei, sisi tulikuwa wa kupasha moto. Wengi ni wafanyakazi wa matatu na wanafunzi, Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo, na wote wanajua mashairi ya Jamaika kwa moyo. Nyimbo mbili za kwanza zilipokelewa kwa adabu. Wimbo wa tatu ndio ule wa Dunga. Pete ikaanza peke yake, tiki, tiki, maiki ikiwa imefungwa kwa gundi kwenye kibao. Besi. Kimya. Besi. Tukapanda mbio za benga, tukakata.

Watu walidhani stima imepotea. Nusu ya ukumbi iliwasha tochi za simu.

Tulisimama hapo, na ninakiri kwamba kimya kile kilikuwa kirefu. Kisha dijei, ambaye kazi yake ni kusimamisha nyimbo, akaelewa kabla ya wengine. Akanyakua maiki akaeleza kwa Kiswahili cha mtaani: leta hela, jisifu, ngoma irudi. Makanga mmoja akapanda na shilingi mia. Akasema yeye ni wa Njoro, gari lake halijawahi kuachwa nyuma na gari lolote, na mama mkwe wake hulipa nauli kama watu wengine. Ukumbi ukalipuka. Pete. Tukarudi.

Baada ya hapo hatukuwa tena wenye wimbo. Msichana wa Molo alisifu viazi vya kwao na kumtusi kiupole aliyekuwa mpenzi wake. Mwingine akapanda kusema tu kwamba rege haizuiwi, kauli ile ya kampeni za BBI za mwaka 2020, za kutaka kubadili katiba, na mwenzake akapiga kelele kutoka nyuma, "Mahakama iliizuia!" Kicheko kilitupa muda wa kufunga nyuzi upya. Mtu mmoja aliomba mugithi, muziki wa Wakikuyu, na akaambiwa alipe kwanza ajisifu, akalipa, akasahau mugithi.

Mapungufu yalikuwepo. Mbio za benga bado ni ndefu, nilijiona nafurahia vidole vyangu. Sauti ya ukulele kwenye kibodi tuliizima katikati ya wimbo na hakuna aliyeuliza ilikoenda. Na kila tukisimama, tunarudi polepole kidogo kuliko tulivyoondoka. Mpiga dramu anasema ni makusudi, mimi nasema ni mutura. Promota alilipa yote, taslimu, na noti za wajisifu tuligawana juu ya kreti.

Jumapili: Nakuru

Wenye omena wameanza kupigiwa simu. Mwezi sasa unachelewa kuchomoza, saa za kwanza za usiku zina giza, na mwenye mashua hana habari za sanaa. Kabla ya kuondoka tulichukua saa chache kwenye studio ndogo karibu na Free Area, chumba kimoja chenye magodoro ukutani.

Fundi wa studio ni kijana mpole mwenye masikio makali. Alitaka tupige kwa kufuata mlio wa kompyuta ili aweze kukata na kuunga. Tulijaribu, na kila tulipotoka kwenye pakruok mlio ulikuwa umetuacha. Akapendekeza tuondoe vituo: redioni, alisema, kimya cha sekunde nne humfanya msikilizaji abadilishe stesheni. Mwimbaji akavua pete, akaiweka mezani, akamwuliza kama anajua bei ya kukodi gara kwa siku. Mlio ukazimwa.

Ukabaki mjadala wa nani ajisifu kwenye rekodi. Mpiga kibodi alijitolea na sote tulijua ataanza na Tom Mboya. Sisi wenyewe tukijisifu tungesikika kama tangazo la sabuni. Nje kulikuwa na mtu wa boda aliyemleta mpiga besi, anangoja malipo yake, mkono mmoja kwenye kofia. Tulimwita ndani, tukamweleza, akauliza kama analipa yeye au analipwa. Tukamwambia leo ni bure. Akasimama mbele ya maiki na jaketi lake la mvua, tukapiga rege, tukapanda, tukakata.

Alijisifu kwa muda mrefu. Alisifu tairi zake, alisifu kituo chao, alisifu mteja mmoja wa Lanet asiyeomba chenji, akamalizia na mama yake anayeuza mboga Bondeni, jina kamili na jina la ubatizo. Fundi alionyesha kwa vidole kwamba sekunde zimeisha kitambo. Pete ikagonga, tukaingia wote sawa, bila mlio wa kompyuta na bila kuangaliana.

Akiwa anavaa kofia alituomba jambo moja, kwamba tukifupisha wimbo tusikate mahali pa mama. Fundi akasema atakata mbio za gitaa.